Mbwa alikubali, panya akakataa: jinsi plastiki ilivyopimwa kabla ya kuingia mwilini

Kama umewekewa kijiti cha uzazi wa mpango, hebu gusa upande wa ndani wa mkono wako, juu kidogo ya kiwiko. Kile kitu kinachoteleza chini ya ngozi ni plastiki. Jadelle ni vijiti viwili vya silikoni, na Implanon ni kijiti kimoja cha polima ya aina nyingine. Kama huna kijiti, huenda bibi yako alitolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi. Lenzi za mwanzo zilikuwa plastiki ngumu ya aina ileile iliyotumika kwenye madirisha ya ndege za kivita. Au una mjomba aliyebadilishiwa nyonga. Naye anatembea na kikombe cha plastiki ndani ya mfupa.

Sasa jiulize. Mwili wako ukichomwa na mwiba mdogo tu, unavimba, unatoa usaha, unafanya kila njia ule mwiba utoke. Iweje ukubali kukaa na plastiki miaka mitano, kumi, ishirini? Na nani alijua mapema kwamba utakubali?

Jibu fupi ni kwamba waliulizwa wanyama kwanza. Jibu refu lina kona nyingi, kwa sababu wanyama walioulizwa walitoa majibu tofauti, na mara nyingine binadamu hawakuelewa walichoambiwa. Twende taratibu.

Uzi uliopita ndani ya moyo

Tuanzie New York, mwaka 1947. Arthur Voorhees alikuwa daktari kijana katika Chuo Kikuu cha Columbia, bado anajifunza upasuaji. Kazi yake ilikuwa kufanya majaribio ya vali za moyo kwa mbwa. Katika mbwa mmoja, uzi wa hariri ulikosea njia ukapita katikati ya chumba cha moyo, damu ikawa inaupiga kila sekunde. Miezi kadhaa baadaye mbwa yule alipopasuliwa, Voorhees aliukuta uzi umefunikwa na utando laini unaong'aa, na hauna damu iliyoganda.

Wengi wangeona ni kosa dogo la fundi, wakasonga mbele. Yeye alijiuliza: kama mwili unaweza kuufunika uzi mmoja hivi, je, hautafunika kitambaa kizima? Na kama utafunika kitambaa, si unaweza kushona bomba la kitambaa ukaliweka mahali pa mshipa wa damu ulioharibika?

Ili uone kwa nini wazo hili lilikuwa zito, fikiria tyubu ya baiskeli iliyovimba upande mmoja. Unajua kabisa kwamba siku moja itapasuka. Mshipa mkuu wa damu, yaani aota, unaweza kuvimba namna hiyo tumboni, na ukipasuka mtu hufa ndani ya muda mfupi. Enzi hizo tiba ya kuaminika haikuwepo. Madaktari waliweza kubadilisha kipande kwa mshipa wa mtu aliyekufa, lakini mishipa hiyo ilikuwa adimu na ilichakaa.

Voorhees alianza na kitambaa cha hariri cha mfukoni, leso ya kawaida. Aliishona kama bomba akaiunga kwenye aota ya mbwa. Haikudumu, ila ilionyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana. Baadaye, alipokuwa katika hospitali ya jeshi huko San Antonio, Texas, alipata kitambaa cha plastiki kiitwacho Vinyon N, jamii ya vitambaa vya maparachuti. Akarudi nacho kwa mbwa. Mwaka 1952 yeye na wenzake, Alfred Jaretzki na Arthur Blakemore, walichapisha matokeo, na mwaka uliofuata wakaanza kuweka mirija hiyo kwa binadamu. Kufikia 1954 walikuwa na taarifa ya wagonjwa 18.

Huko Houston daktari mwingine, Michael DeBakey, alikwenda dukani kununua nailoni ili ashone mirija yake mwenyewe. Nailoni ilikuwa imekwisha. Mwenye duka akampa kitambaa kipya kilichoitwa Dacron, ambacho ni polyesta, ndugu wa kitambaa cha shati lako la shule. DeBakey, aliyefundishwa kushona na mama yake, akakaa kwenye cherehani.

Kukosa nailoni siku ile kulikuwa bahati. Madaktari wengine walikuwa wameshawawekea wagonjwa mirija ya nailoni, na kwa macho ilionekana sawa kabisa. Lakini mwaka 1958 mtafiti James Harrison alitoa matokeo ya vitambaa mbalimbali vilivyokaa ndani ya mbwa kwa muda mrefu. Teflon na Dacron zilikuwa bado imara. Nailoni ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa sababu mwili ulikuwa ukiikata polepole, mnyororo mmoja wa molekuli baada ya mwingine. Aliyeangalia mbwa baada ya wiki chache alisema nailoni ni nzuri. Aliyesubiri miaka alisema nailoni itapasuka.

Liweke hilo akilini, kwa sababu litarudi.

Chuo kilekile, mnyama mwingine

Wakati Voorhees anafurahia mbwa wake, katika Chuo hichohicho cha Columbia kulikuwa na watu waliokuwa wanaangalia panya na kukosa usingizi.

B. S. Oppenheimer na Enid Oppenheimer hawakuwa wanatafuta saratani. Walikuwa wanachunguza shinikizo la damu. Ilikuwa inajulikana kwamba ukifunga figo ya mnyama kwa karatasi ya selofani, ile inayofungia pipi na biskuti, figo hubanwa na shinikizo hupanda. Wakafunga figo za panya. Baadaye wakaanza kukuta uvimbe umeota kuzunguka ile selofani. Ulikuwa sakoma, yaani saratani ya tishu za kuunganisha. Mwaka 1948, wakiwa na mtaalamu wa magonjwa Arthur Purdy Stout, wakatangaza.

Bila shaka wazo la kwanza lilikuwa kwamba selofani ina sumu fulani. Wakajaribu plastiki nyingine, moja baada ya nyingine: polietilini, nailoni, Dacron, silikoni, hata Teflon ambayo karibu hakuna kemikali inayoweza kuigusa. Kwa panya walioachwa muda wa kutosha, saratani ziliendelea kuota. Baadaye ilionekana kwamba hata vipande vya metali vinaweza kufanya hivyohivyo.

Hebu jiweke mahali pao. Ni miaka ya 1950. Plastiki inaingia kwenye miili ya watu kila wiki, na panya wako wanakuambia kwamba kila plastiki inaleta saratani. Ungefanya nini? Ungepiga kelele isimamishwe?

Waliendelea kuuliza, na hapo ndipo kazi yao ilipokuwa ya thamani. Walichukua plastiki ileile wakaibadilisha umbo. Kipande laini kisicho na tundu kilileta saratani nyingi. Kipande kilekile kikitobolewa matundu, saratani zilipungua. Kikifumwa kuwa kitambaa, zilipungua. Kikisagwa kuwa unga, zikawa chache sana. Kemia ni ileile, molekuli ni zilezile, ila jibu la mwili limebadilika. Kwa hiyo kilichokuwa kinamdhuru panya hakikuwa sumu. Kilikuwa umbo: ukuta laini, mpana, uliowatenganisha seli na wenzao kwa muda mrefu.

Je, binadamu? Mpaka leo, pamoja na mamilioni ya watu wenye vipandikizi, sakoma za namna ile kuzunguka plastiki ni nadra sana kwa watu. Panya wanaelekea huko kirahisi kuliko sisi. Lakini usifunge kitabu bado. Katika miaka ya karibuni imethibitika kwamba baadhi ya vipandikizi vya matiti vinahusishwa na aina adimu ya saratani ya seli kinga, na vinavyohusishwa zaidi ni vile vyenye uso wa kukwaruza, si vile laini. Ni kinyume cha panya wa Oppenheimer! Ugonjwa ni mwingine na seli ni nyingine, lakini fundisho ni lilelile: kemia ni silikoni ileile, uso ndio tofauti.

Mwili unafanya nini hasa

Tusimame kidogo hapa tuelezane kinachotokea, maana bila hilo hadithi inayofuata haitaeleweka.

Plastiki ikiingia tu, protini za damu huigandia. Hiyo ni kazi ya sekunde na dakika. Seli za ulinzi zinapofika, hazioni plastiki yenyewe. Zinaona lile koti la protini. Kisha wanakuja makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yao ni kumeza takataka: bakteria, seli zilizokufa, vumbi. Makrofaji akikuta kitu kidogo, anakimeza. Akikuta kitu kikubwa kuliko yeye, anaungana na wenzake kuwa seli moja kubwa, wanajaribu kukila. Wakishindwa, mwili hufanya kama mtu anayejenga ukuta kuzunguka jirani asiyehamishika: unakifunga kile kitu ndani ya kifuko cha nyuzinyuzi, na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo tunaposema mwili "umekubali" plastiki, mara nyingi maana yake ni kwamba umeiwekea uzio na kuacha kugombana nayo. Kipande kizima kinaweza kukaa kwa amani namna hiyo miaka mingi.

Sasa, kipande hichohicho kikianza kusagika?

Paja la John Charnley

Tuvuke bahari hadi Uingereza, hospitali ya Wrightington karibu na mji wa Wigan. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa mifupa John Charnley alikuwa anatafuta namna ya kuwasaidia wazee ambao nyonga zao zimekauka, mfupa unasaga mfupa, kila hatua ni kilio. Alitaka kichwa cha chuma kizunguke ndani ya kikombe kinachoteleza. Na kitu gani kinateleza kama Teflon? Tena Teflon ilikuwa na sifa nzuri: vipande vyake vizima vilionekana kutulia ndani ya mwili bila ugomvi.

Kati ya 1958 na 1962 alibadilisha karibu nyonga 300 kwa vikombe vya Teflon. Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Watu waliokuwa wamelala vitandani walitembea bila maumivu.

Baada ya miaka miwili, mitatu hivi, walianza kurudi. Chuma kilikuwa kimechimba Teflon. Unga wa Teflon ulikuwa umetapakaa kwenye kiungo, na kuuzunguka kulikuwa na uvimbe na uchafu mweupe laini kama jibini. Mfupa ulikuwa unaliwa.

Umeona kilichotokea? Kipimo cha awali kiliuliza: je, kipande cha Teflon kikikaa tu, mwili unakubali? Jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa jibu la kweli. Lakini nyonga haikai tu. Nyonga inatembea, inapanda ngazi, inabeba ndoo. Hakuna aliyekuwa ameuliza kuhusu unga. Na unga ni saizi ya makrofaji: anameza, anashindwa kuyeyusha, anatoa kemikali za kuita wenzake, wanakuja wengi zaidi, na kemikali hizo ndizo zinazoamuru mfupa uliwe.

Charnley hakujificha. Alianza kuwafanyia wagonjwa wale upasuaji tena mwenyewe. Na hapa anaingia fundi wake, Harry Craven. Mwuzaji mmoja wa vipuri alikuwa amepita na kipande cha polietilini nzito, iliyokuwa inatumika kutengeneza gia za mashine za kufuma nguo huko Lancashire. Ni ndugu wa mbali wa mfuko wa rambo, ila molekuli zake ni ndefu mno. Charnley alipoona, hakuvutiwa. Akasafiri. Craven akakiweka kipande kile kwenye mashine ya kusugua, akaiacha ikizunguka usiku na mchana. Baada ya wiki tatu, polietilini ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyokuwa ikilika kwa siku moja.

Safari hii Charnley hakutaka kurudia kosa. Alijua sasa swali la kuuliza: unga wake ukoje ndani ya nyama? Akasaga Teflon, akasaga polietilini, akaviweka ndani ya paja lake mwenyewe. Alipima kwa miezi tisa. Vile vya Teflon vilikuwa vivimbe vinavyoshikika wazi, karibu mara mbili ya ukubwa wa alichoweka. Vya polietilini vilikuwa havishikiki kirahisi. Mwaka 1963 akaandika matokeo katika jarida la Lancet ili kila daktari asome. Tangu Novemba 1962 alikuwa ameshaanza kutumia vikombe vya polietilini, na mpaka leo nyonga nyingi za bandia duniani zinatumia plastiki ya ukoo ule.

Sikushauri ujidunge plastiki pajani. Leo hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu, na mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Hata polietilini, baada ya miaka kumi na zaidi ya kutembea, ilikuja kuonekana inatoa unga mdogo sana unaolegeza mfupa, jambo ambalo miezi tisa ya paja moja isingeweza kuonyesha. Lakini lile swali lake lilikuwa sahihi, na jibu lilikuwa mezani kwa kila anayetaka kusoma: Teflon iliyosagika ndani ya kiungo ni hatari. Mwaka 1963.

Mbwa naye hakusema yote

Kabla hatujaendelea, turudi kwa mbwa wa Voorhees, maana kuna jambo waliowategemea walichelewa kuliona.

Ule utando unaong'aa ulioufunika uzi ndio uliokuwa msingi wa matumaini yote. Mbwa akiwekewa mrija wa kitambaa, baada ya miezi sehemu kubwa ya ndani yake hufunikwa na seli hai, kama mshipa wa kuzaliwa. Madaktari wakaamini binadamu naye anapona hivyo. Mwaka 1972, kundi la Lester Sauvage huko Seattle lilichapisha uchunguzi wa mirija iliyotolewa ndani ya watu. Kwa binadamu, seli zilikuwa zimetambaa kutoka kwenye maungio tu, kipande kifupi kila upande. Katikati kulibaki plastiki iliyofunikwa na tabaka la damu iliyoganda.

Katika aota hilo halina shida kubwa, kwa sababu damu inapita kwa kasi na njia ni pana. Katika mshipa mwembamba kama ule wa moyo, mrija wa namna hiyo huziba. Ndiyo maana mpaka leo mtu akifanyiwa upasuaji wa kuzungusha damu kwenye moyo, daktari hukata mshipa kutoka mguuni kwake mwenyewe au kutumia wa kifuani, badala ya kuchukua plastiki dukani. Mbwa hakudanganya. Alijibu kuhusu mbwa.

Sheria inafika, imechelewa

Unaweza kudhani muda wote huo kulikuwa na sheria inayosema lazima upime kwa wanyama kwanza. Kwa Marekani, vifaa tiba vingi viliuzwa bila mtengenezaji kulazimika kuonyesha kipimo chochote kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa. FDA iliweza kuingilia baada ya madhara kutokea.

Madhara yakatokea. Mapema miaka ya 1970 iliuzwa koili ya uzazi iitwayo Dalkon Shield. Kasoro kubwa ilikuwa kwenye mkia, ule uzi unaoning'inia. Koili nyingine zilitumia uzi mmoja mzima. Mkia wa Dalkon Shield ulikuwa nyuzi nyingi nyembamba za nailoni ndani ya ala, na ukapandisha bakteria kwenda kwenye mji wa mimba kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Wanawake wengi walipata maambukizi, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wengine wakafa. Umbo, tena. Mwaka 1976 Marekani ikapitisha sheria ya vifaa tiba.

Kimataifa, mwaka 1992 ilianza kutoka mfululizo wa viwango uitwao ISO 10993, ambao ndio unaoongoza maabara nyingi leo. Ukiusoma utaona historia yote hii imekunjwa ndani yake. Hauulizi "plastiki hii ni salama?" Unauliza: kifaa kizima, kama kitakavyotumika, kitagusa nini? Ngozi, damu au mfupa? Na kwa muda gani? Saa 24, siku 30, au zaidi? Kulingana na majibu unachagua vipimo. Kwanza seli kwenye sahani za maabara. Zikifa, hakuna haja ya kumgusa mnyama. Kisha, ikibidi, vipande vidogo kwenye msuli wa sungura au chini ya ngozi ya panya, wiki chache kwa wengine, miezi mingi kwa wengine, na pembeni kipande cha kitu kinachojulikana ili ulinganishe. Baadaye mtaalamu anakata tishu nyembamba, anahesabu seli chini ya hadubini, anapima unene wa kile kifuko.

Jibu lililosahauliwa

Ningependa kumalizia hapo, na mwisho uwe mwema. Lakini mwaka 1983, miaka 20 baada ya makala ya Charnley, kampuni ya Vitek ya Houston iliruhusiwa kuuza kipandikizi cha kiungo cha taya. Njia iliyotumika ilikuwa ile ya kuonyesha kwamba kifaa chako kinafanana na kilichokuwa sokoni kabla ya sheria ya 1976. Uso wake ulikuwa wa Teflon.

Sasa fikiria taya lako linafanya kazi gani. Linatafuna, linaongea, linasaga meno usiku. Ni kiungo kinachobeba mzigo na kusugua, kama nyonga. Teflon ikasagika. Makrofaji wakaja, seli kubwa zikaungana, mfupa ukaanza kuliwa. Zaidi ya vipandikizi 25,000 vilikuwa vimesambazwa, na wengi waliowekewa walikuwa wanawake. Wapo ambao mfupa unaotenganisha taya na ubongo ulitoboka. Mwaka 1990 kampuni ilifilisika, na mwisho wa mwaka huo FDA ikatoa tahadhari.

Kila kilichowapata watu wale kilikuwa kimeshaandikwa. Wagonjwa wa Wrightington walikuwa wamelipa kwa nyonga zao, na Charnley kwa paja lake. Kulikuwa na jibu kwenye maktaba, na mtu akaamua kuuliza swali jingine jepesi: je, hiki kinafanana na kile?

Ndiyo maana mimi siamini kwamba mjadala wa kupima kwa wanyama unaishia kwenye "ni ukatili" au "ni lazima". Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichotuachia kanuni tatu tunazofundishwa mpaka leo: tumia njia nyingine pale inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na punguza maumivu yao. Ni kanuni nzuri. Mimi ningeongeza deni moja. Mnyama akishatoa jibu kwa uhai wake, lisome. Mnyama anayepoteza maisha kwa swali lililoulizwa vibaya amepotea bure, na yule ambaye jibu lake limefungiwa kabatini amepotea bure mara mbili, kwa sababu baada yake atakuja kuulizwa binadamu.

Kwa hiyo siku ukisikia mtu anasema plastiki fulani "imethibitishwa ni salama mwilini", usimkatalie wala usimkubalie haraka. Muulize maswali manne. Ikiwa na umbo gani? Mahali gani, ikifanya kazi gani? Kwa muda gani? Na ndani ya nani: panya, mbwa, sungura au mtu?

Kijiti cha mkononi kinapita vizuri kwenye maswali hayo. Umbo lake halibadiliki, kimekaa chini ya ngozi ambako hakuna kinachokisugua, kinatolewa baada ya miaka inayojulikana, na kimekaa ndani ya mamilioni ya wanawake, si panya tu. Nailoni kwenye mshipa ilishindwa swali la tatu. Teflon kwenye nyonga ilishindwa la pili. Lakini Teflon hiyohiyo mpaka leo inatengeneza mirija ya damu inayookoa watu, kwa sababu huko hakuna chuma cha kuisaga.